Jina Moja Chini ya Picha ya Korongo

Hapo zamani, lakini si ile ya mababu zetu, kamera zilikuwa zimeshaachana na filamu, picha zikikaa kwenye kadi ndogo mfano wa ukucha. Katika jangwa la Turkana kulikuwa na korongo jembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Jua lilichungulia humo adhuhuri tu, tena kwa muda mfupi.

Lomuria, mpiga picha, alishuka humo kwa kamba pamoja na shemeji yake, Atabo. Juu alibaki Ekidor, mshika kamba, akiangalia milima, maana mvua ikinyesha kule, mafuriko hujaa korongoni hata kama huku ni kukavu.

Lomuria akaisimamisha kamera, akapima mwanga, akasubiri. Jua likaingia, lakini miale yake haikuonekana.

"Shemeji, nirushe mchanga kidogo, miale ionekane," akasema Atabo.

"Thubutu! Utaniharibia lenzi!"

Mara Ekidor akapiga kelele huko juu: "Maji! Pandeni! Maji!"

Lomuria akapanda mbio. Atabo akagoma. Tangu asubuhi alikuwa akiamrishwa, fanya hivi, usifanye vile, na sasa alikuwa amechoka. Akarusha mchanga, mwanga ukasimama kama nguzo, akabonyeza kamera. Akachomoa kadi, akaibana kwa meno, akadaka kamba. Maji yakamfika kiunoni, yakaizoa kamera. Ekidor akavuta, viganja vikachunika, nusura naye atumbukie, lakini hakuachia.

Picha ile ikapendwa mno. Ukumbi wa maonyesho wa Lodwar ukaitundika, ukasema: chini yake jina moja tu.

"Kamera ilikuwa yangu, mwanga nimepima mimi," akasema Lomuria. "Yeye kabonyeza tu, na kamera yangu imekwenda na maji."

"Ningeachia kamba, mngegombania picha gani?" akasema Ekidor, akionyesha viganja. "Huyu Atabo alitaka kuniua."

Atabo akasimama mbele ya picha, mikono kiunoni.

"Mlinikataza mchanga, nikarusha. Mliniita, nikabaki. Picha hii imezaliwa na ukaidi wangu. Basi nao ukaidi ndio huu: sibanduki hapa mpaka jina langu liandikwe!"

Mwenye ukumbi keshashika kalamu, mkono uko hewani. Haya, msinikodolee macho mimi. Je, aandike jina la nani?