Ukili wa Bi Kidawa

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale.

Hapo kale Bi Kidawa, msukaji wa ukili, ule utepe mrefu wa majani ya miyaa unaoshonwa mkeka, aliolewa na mzee Shaame, wote wana mvi. Wakaingia ndani kukaa fungate, zile siku saba ambazo maarusi hawabishiwi hodi. Siku ya pili Shaame akashikwa na homa, hata pumzi akawa anaivuta kwa taabu.

Zimwi likasimama mlangoni. "Suka ukili. Maadamu hujaukata, mumeo hafi. Ukiukata, namchukua."

Bi Kidawa akasuka mwezi mzima. Shaame akaita kitandani, "Mke wangu, njoo tuzungumze."

"Nasuka."

Mwezi wa pili akaita tena. "Nasuka."

Mwezi wa tatu Shaame akasema, "Nimeoa uzeeni nipate wa kuzungumza naye. Sasa nasikia miyaa tu."

Bi Kidawa akautazama ukili uliojaa nyumba nzima. Akachukua kisu, akaukata.

Zimwi likafika papo hapo.

"Ngoja," akasema Bi Kidawa. "Fungate yetu tumeila siku moja tu. Zimebaki sita. Nawe una mama aliyekufunza adabu."

Zimwi likaona haya, likakaa barazani. Likasikia mazungumzo, kikohozi, kicheko, mazungumzo tena. Siku ya sita ilipokwisha, Shaame akafungua mlango mwenyewe.

"Zimekutosheni?" likauliza zimwi.

"Hazikutosha," akasema Bi Kidawa, akilikabidhi zimwi mkeka alioushona siku zile sita kwa ukili ule. "Mtandikie huu. Yeye hulala upande wa ukutani. Upande wa pili uuache wazi."