Hodi ya Adhuhuri

Seremala mmoja alikuwa na mwana, na mwana huyo alianza kuteremka bondeni.

Mji wao ulikaa juu ya kilima, na chini yake kulikuwa na bonde lenye ukungu mweupe. Aliyeuvuta ukungu ule alipumzika. Maumivu yalimtoka, aibu ikamtoka, na kwa jioni moja alicheka kama mtu ambaye hajawahi kufiwa. Siku za sikukuu watu waliteremka kujifurahisha, na wengi wao kesho yake walionekana kazini kama kawaida, wala hakuna aliyewauliza. Wengine ukungu uliwapenda. Waliteremka tena na tena, mpaka macho yao yakageuka rangi ya majivu, na vitu vya nyumbani vikaanza kutoweka kimoja kimoja: sufuria, redio, kanga mpya ya mama.

Seremala aliitwa Kombo, na mwanawe Faki. Kombo mwenyewe aliwahi kuteremka ujanani, akakaa huko siku tisa. Alipopanda alisimama mlangoni kwa mama yake, ananuka, kiatu kimoja mguuni, akapiga hodi kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua. Mama akaitika karibu. Hakumuuliza alikotoka. Alimpa uji, akamtandikia mkeka, akakaa kando yake mpaka ukungu ukamtoka. Habari hii Kombo hakumsimulia mtu, hata mkewe, Bi Mize.

Watoto wa watu walipozidi kupotea na hasira ikapanda, wazee wa mji waliitana. Karibu nusu ya waliokaa kwenye kikao kile walikuwa wameshateremka enzi zao, na kila mmoja aliangalia vidole vya miguu yake. Wakakata shauri kwamba mtu aliyeteremka asiitikiwe hodi katika nyumba yoyote, hata ya aliyemzaa. Kombo aliunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote, kama afanyavyo mtu mwenye lake moyoni.

Lakini hodi ni hodi. Inaingia sikioni, na ulimi unaitika wenyewe kabla akili haijakaa sawa. Mara mbili tatu kina mama waliitika kwa mazoea, na sheria ikavunjika. Ndipo wazee wakamwendea Kombo awatengenezee milango minene. Aliifanya kwa mninga, ubao juu ya ubao, katikati akashindilia vumbi la mbao, na kwa ndani akaweka komeo la chuma. Ukiwa ndani, sauti ya nje ilikufikia imechujwa, huwezi kujua ni ya mwanamume au ya mwanamke, ya jirani au ya mtu wa bondeni. Watu wakaona salama ni kutomwitikia yeyote. Mkunga aligonga kwenye nyumba aliyoitwa, akachoka, akarudi zake. Mzee mmoja alikufa peke yake, na majirani wakajua kwa harufu. Mji ulisikitika sana, kisha ukaisifu milango.

Faki alikuja kila siku adhuhuri. Aligonga mara tatu, akapiga hodi mara tatu, akanyamaza. Saa hiyo Kombo alikuwa ndani siku zote, ameinamia sahani yake. Bi Mize alimwomba, wala si mara moja, amfungulie kijana japo anywe maji. Kombo akamjibu kwamba yule si Faki tena, ni ukungu uliovaa shati la Faki. Bi Mize alilia mpaka machozi yakamwishia. Mwisho mumewe akamletea pamba, azibe masikio kila saa ile inapofika, naye akaipokea. Mimi simlaumu. Kuna sauti ambayo mzazi hawezi kuisikiliza kila siku na akabaki mzima.

Kisha mlango ukaanza kulika. Kwa nje, pale mkono ulipogonga, paliingia kibonyeo. Alasiri Kombo alitoka na randa, akausawazisha ubao wote ukawa laini. Kesho yake kibonyeo kilikuwa palepale, kikubwa cha kuingia ngumi. Akapiga randa tena. Maranda yalidondoka barazani, na alipoyaokota yalikuwa baridi na yana unyevu, ingawa jua lilikuwa limeyapiga kutwa. Alijiambia kwamba ngumi ya mtu haiwezi kuchimba mninga, na akaendelea kupiga randa, siku baada ya siku, na mlango ukaendelea kuwa mwembamba. Njiani aliona vibonyeo kwenye milango mingine pia. Wenye nyumba walivitundikia mapazia kwa nje, na hakuna aliyevizungumzia.

Siku moja Kombo alikwenda upande wa pili wa mji kufunga mlango kwenye nyumba ya mwisho iliyokuwa haijapata. Bawaba zikamsumbua, kazi ikachelewa. Akarudi nyumbani adhuhuri, saa ambayo tangu milango ianze hakuwa ameiona kwa nje.

Jua lilikuwa utosini, na njia ilikuwa nyeupe. Ukungu ulikuwa umepanda mjini. Ulimfika magotini, ukipita kimya kutoka kizingiti hadi kizingiti, ukikata kona bila kusita, na kwa jinsi ulivyozijua kona zote, Kombo alielewa kwamba haukuanza kuja leo. Alikimbia. Hofu ilimshika, hofu ya kweli, ile inayomrudisha mtu mzima utotoni. Alipofika kwake alinyanyua mkono kugonga, na ngumi yake ikaingia kwenye kibonyeo ikaenea, kama mguu kwenye kiatu chake.

Akapiga hodi. Sauti aliyoisikia ilikuwa ileile aliyoitoa kwenye mlango wa mama yake, miaka ile.

Mlango ulikuwa mwembamba sasa, na kupitia ubao aliweza kumsikia mkewe ndani. Alimsikia akiburuta kiti, akasikia upawa ukigonga sufuria, na sahani yake ikiwekwa mahali pake. Alimwita kwa jina. Alimwita mama Faki. Alisema ni mimi, ni mumeo, fungua. Bi Mize alikuwa na pamba masikioni, akimsubiri mumewe arudi wale. Kombo akagonga kwa jirani wa kulia, kisha wa kushoto. Alisikia watu wakishusha pumzi nyuma ya mbao alizozichonga kwa mikono yake, na hakuna aliyeitika. Akarudi mlangoni kwake akagonga tena, na ukungu ulikuwa umemfika kifuani.

Hapo mtu akasogea barazani, nyuma yake. Alikuwa ameketi pale muda wote, mifupa mitupu, macho ya majivu, amebana mgongo ukutani kwa nyumba yao kama mtu anayeota moto. Alisogea kidogo tu, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Karibu, baba," Faki alisema.

Neno lile halikuwa limesikika katika mji ule tangu mlango wa kwanza ufungwe. Kombo alikaa. Faki akavua shati lake, ambalo lilikuwa kitu pekee alichobaki nacho, akalikunja mara mbili na kumziba nalo baba yake pua na mdomo asiuvute ukungu. Mkono wake ulikuwa baridi kama yale maranda. Yeye mwenyewe alibaki hivyo hivyo, kifua wazi, akivuta. Wakakaa wawili wakiutazama mlango.

Nyinyi mnaonisikiliza, mwajua kwamba wote wawili waliwahi kuteremka. Kama mama yake Kombo angekuwa hai mchana ule, ndani ya nyumba ile, akasikia hodi, mnadhani angeuliza kwanza ni yupi kati yao?