Bi Mize Aliyekwenda Chuo na Mwanawe

Paukwa!

Pakawa!

Nasema paukwa, mbona mnaitika kama mliolala njaa?

Pakawa!

Haya, hapo ndipo. Hapo zamani, zamani zile Ndovu alipokuwa na chuo na binadamu hawakuona haya kufundishwa na mnyama, palikuwa na kijiji kikiitwa Mtunguru. Mtunguru walikuwa na kisima kimoja tu, na fundi mmoja tu wa visima, jina lake Kondo. Siku moja Kondo alikuwa akichimba kisima cha pili, ukingo ukamporomokea, akafia humo. Aliacha mke, Bi Mize, na mtoto wa kiume wa miaka minne, Pazi.

Miaka kumi na minne ikapita. Kile kisima kimoja kikaanza kutoa tope. Wanawake wakawa wanatoka alfajiri kufuata maji mto wa mbali, wanarudi jua la utosi, shingo zimewavimba. Wazee wakakaa, wakasema, "Fundi hatuna. Tupeleke kijana kwa Mwalimu Ndovu akasomee maji." Wakamchagua Pazi, mtoto wa fundi, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na minane na ndevu tatu kidevuni.

"Huyu?" Bi Mize akasema. "Huyu hata kamba ya ndoo sijawahi kumwachia aishike! Basi nitampeleka mwenyewe. Nitamtandikia, kisha nirudi."

Akampeleka. Akamtandikia. Hakurudi.

Chuo cha Ndovu kilikuwa kando ya mto wa mchanga, mto usio na maji juu ila yamejificha chini. Kilizungushiwa ua wa miiba. Wanafunzi walikuwa Ngiri, Nyani, na sasa Pazi. Siku ya kwanza Mwalimu Ndovu alisema, "Kanuni zangu ni tatu. Hapa kila mtu huitika mwenyewe, hunusa mwenyewe, huchimba mwenyewe."

"Tumesikia, Mwalimu," Bi Mize akajibu nyuma ya ua. Alikuwa ameshajijengea kibanda huko, na mafiga yameshawashwa.

Kesho yake asubuhi Mwalimu akaita majina. "Ngiri!"

"Naam!"

"Nyani!"

"Naam!"

"Pazi!"

"Labeka!"

Darasa zima likageuka. Pazi alikuwa bado amefungua mdomo. Bi Mize akachungulia juu ya miiba, akasema, "Yupo, Mwalimu, yupo. Sauti yake haijaamka tu."

Likaja somo la kunusa. Mchanga wenye maji chini yake una harufu yake, na mchanga mkavu una yake. Mwalimu akachota mchanga kwa mkonga, akamwekea Pazi kiganjani. "Nusa. Pana maji hapo?"

"Mwanangu ana mafua!" sauti ikatoka kwenye miiba. "Nipe mimi, Mwalimu. Mmm. Hapo pakavu."

Na kweli palikuwa pakavu.

Likaja somo la kuchimba. Pazi akapiga jembe mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mama akaruka ua na bakuli la uji. "Kunywa kwanza, baba, upumzike. Lete hilo jembe." Pazi alipomaliza uji, shimo lilikuwa limemfika mama kifuani.

Mwalimu Ndovu akauliza, "Bi Mize, hapa namfundisha nani?"

"Wewe fundisha tu, Mwalimu. Sisi tunaelewa. Hata mtihani tuko tayari."

Na Pazi je? Msimwonee huruma upesi. Uji wa moto, kivuli kizuri, na shimo linajichimba lenyewe! Nani kati yenu angekataa? Nawauliza, na wewe uliyeletewa maji ya kunawa hapo hapo ulipokaa, nakuuliza. Ila jioni Ngiri alikuwa akimtania, "Pazi, siku ukioa, kadhi akikuuliza umekubali, nani ataitika?" Nyani anacheka mpaka anaanguka kwenye tawi. Pazi naye anacheka, lakini moyoni anaona aibu, aibu ya mtu mzima anayelishwa.

Misimu mitatu ikaisha. Kila anayehitimu pale alikuwa akipewa jembe la mpini mfupi, jembe la fundi wa kisima. Ngiri akapewa lake. Nyani akapewa lake. Mwalimu Ndovu akasema, "Limebaki moja. Aliyeitika kila asubuhi, aliyenusa kila mchanga, aliyechimba kila shimo, aje achukue."

Pazi akanyanyuka.

"Kaa, kijana. Bi Mize, njoo."

"Mimi? Mwalimu, mimi ni mzazi tu!"

"Mzazi nilimwona siku ya kwanza. Baada ya hapo nimemwona mwanafunzi, tena hodari. Chukua jembe lako."

"Na mwanangu?"

"Mwanao," Mwalimu Ndovu akasema, "bado sijakutana naye."

Wakarudi Mtunguru siku mbili kwa miguu. Walipofika, wanawake wakawapokea kwa vigelegele na ndoo vichwani. "Fundi karudi! Fundi karudi!" Jumbe wa kijiji akaliona jembe mkononi mwa Bi Mize. Akauliza, "Hilo jembe la nani?"

Bi Mize alikuwa na jibu lake, la uongo na zuri, limeshafika kwenye ulimi. Lakini Pazi akamwahi. "La mama. Mimi sikufaulu."

Vigelegele vikakatika. Mwanamke mmoja akatua ndoo yake chini, akaikalia. Jumbe akakuna kichwa, akasema, "Sisi tunataka maji. Mwenye jembe achimbe."

Bi Mize akajifunga leso kiunoni. Alikuwa na miaka hamsini na magoti yanamwuma, lakini aliona afadhali afe yeye kuliko mwanawe.

"Mama, nipe jembe," Pazi akasema.

"Jua kali, mwanangu."

"Mama, nipe jembe."

"Mikono yako laini. Itachubuka."

"Mama, nipe jembe."

"Baba yako alifia humo!" Bi Mize akapiga ukelele, kijiji kizima kikasikia. "Nilimtoa kwa mikono hii. Unataka nikutoe na wewe?"

Pazi akamwambia polepole, "Najua, mama. Tangu siku ile umenishika mkono, na mpaka leo hujauachia. Mkono umekufa ganzi, mama. Hata mzigo wa kuni siwezi kuuinua, na wenzangu wana watoto."

Bi Mize akalia. Alilia mbele ya watu bila kujifunika. Kisha akasema, "Nikiona ukingo unafanya ufa, nitapiga kelele."

"Kwa hilo piga kelele. Mengine yote niachie mimi."

Akampa jembe.

Pazi akazunguka huku na huku, akachagua mahali penye majani mabichi. Bi Mize akakaa ukingoni. Upepo ukamletea harufu ya ule mchanga, na pua yake iliyofaulu ikamwambia mara moja: pakavu. Mdomo ukamwasha kama aliyelamba upupu. Akachukua pindo la leso, akaliuma kwa meno.

Siku ya kwanza Pazi akachimba dhiraa tatu. Mama kimya.

Siku ya pili akafika dhiraa sita, mikono imechubuka inatoka damu. Ngiri alikuwa akipita na jembe lake begani. Akanusa, akamsogelea Bi Mize, akamnong'oneza, "Mama, hapo hapana maji hata ya kumezea dawa. Mwambie mwenzangu!"

"Nenda zako, Ngiri."

"Utamwacha ahangaike bure?"

"Nenda zako nimesema!" Akarudisha leso mdomoni.

Siku ya tatu wanawake wakamjia. "Bi Mize, wewe ndiye uliyefaulu. Tunateka maji mto wa mbali. Hapo pana maji au hapana?"

"Mwenye jembe yumo shimoni," Bi Mize akasema. "Muulizeni yeye."

Jua lilipoinama Pazi akapanda juu, vumbi mpaka kope. "Pakavu," akasema. Akamtazama mama yake na lile pindo la leso lililotafunika. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu jembe la kwanza."

"Ukaniacha nichimbe siku tatu!"

"Nikakuacha."

Pazi alikasirika. Msidhani alimshukuru mama yake, la! Alilitupa jembe, akaenda zake, akalala bila kula. Bi Mize naye hakula. Usiku kucha aliwaza, nimemwumiza mwanangu, nimemwumiza mwanangu.

Siku ya nne Pazi akaliokota jembe. Safari hii hakutafuta majani. Alipiga magoti, akachota mchanga, akanusa. Akasogea, akachota, akanusa. Akasogea tena. Mafua aliyopewa chuoni hayakuwepo kumbe! Karibu na adhuhuri akafika mahali pa mawe matupu, akanusa mara tatu, akasimama. Kisha akainua macho amtazame mama yake, asome kwenye nyusi zake kama amepatia au amekosa.

Bi Mize alikuwa ameshasimama. Alimpa mgongo, akajikung'uta mchanga, akaenda nyumbani kupepeta mchele.

Dhiraa ya kwanza Pazi alichimba peke yake. Dhiraa ya pili vijana wa kijiji wakaja kuvuta udongo kwa kamba, na kuutazama ukingo. Dhiraa ya tisa mchanga ukaanza kuganda kwenye jembe. Dhiraa ya kumi maji yakamfika Pazi vifundoni, na kelele zilizopigwa Mtunguru siku hiyo zilimtoa kobe gambani.

Wanawake wakamkimbilia Bi Mize, yuko uani na ungo wake. "Maji! Maji! Bi Mize, lakini pale pa pili nawe ulipajua tangu mwanzo, au siyo?"

Bi Mize akapuliza makapi. "Sikujua," akasema. "Niliziba pua."

Ngano yangu imefika hapo, haina pengine pa kwenda. Aliyekunywa amekunywa, mwenye kiu na akachimbe.