Kisu cha Mama Chausiku na Besi ya Tunu

Hii msiipitie juujuu kama mnavyopitia sivii za watu. Someni mpaka chini, kisha mpelekeeni yeyote anayekaa ule upande wa meza wa kuuliza maswali.

Alikuwepo Morogoro mpiga besi mmoja, Mzee Mkude, kiongozi wa bendi ya Zindika Jazz. Kwa miaka thelathini ndiye aliyetunga besi zote za bendi, na zote zilikuwa za kuchangamka. Hata kwenye wimbo wa mtu aliyeachwa na mke, besi yake ilitembea kama mtu aliyetoka kupokea mshahara.

Sasa vidole vikaanza kufa ganzi. Ukumbi wa hoteli walikopiga kila Jumamosi ukapoa, watu wamekaa tu wanachezea simu. Meneja akamwita akamwambia, "Mzee, mwisho wa mwezi ujao nisipoona watu wanacheza, naleta DJ." Wanabendi saba, familia saba. Ikabidi atafutwe mpiga besi mwingine.

Wakaja watu ishirini na sita kwa nafasi moja, which is normal, tumeshazoea. Kila mmoja akapewa maneno ya wimbo mpya wa harusi, karatasi, na saa moja. Andika besi ya furaha, kisha uipige peke yake, bila ngoma, bila gitaa la rithimu.

Kumbe Mzee Mkude alikuwa na kipimo chake ambacho hakumwambia mtu. Nyuma ya ukuta wa chumba cha mazoezi alikaa mama lishe, Mama Chausiku, akikatakata ndizi za mchana. Miaka ya nyuma, siku Mzee alipotunga besi iliyompa jina, alisikia kisu cha yule mama kikigonga ubao sawasawa na mapigo yake. Tangu hapo, besi yoyote ikipigwa, Mzee alitega sikio ukutani. Kisu kikiendelea, besi imepita. Kisu kikinyamaza, imekufa.

Ndiyo hiyo selection criteria. Umesoma miaka minne, unapimwa kwa ndizi, na wala huambiwi.

Wa kumi na tisa aliitwa Tunu. Digrii ya muziki, miaka mitatu bila kazi, sketi nyeusi ya intavyuu imepigwa pasi mpaka inang'aa. Alikuja na gitaa lake mwenyewe la besi. Aliandika huku anatabasamu peke yake, mguu unagonga sakafu, kama vile wimbo ulikuwa wa harusi ya dada yake. Alipomaliza akaweka karatasi mezani kwa Mzee, akaanza kupiga.

Haikupita hata dakika, kisu kikanyamaza.

Mzee akakunja uso. "Inatosha, mwanangu."

"Mzee, bado sijafika kwenye chemko, pale pa kuwainua watu."

"Nimeshasikia. We will get back to you."

Tunu akasimama na gitaa mkononi. "Niambie ukweli tu, mzee wangu. Nikikosa hapa, hili gitaa nauza."

"Tutakupigia simu."

Mnaijua hiyo. Simu haikupigwa. Akachukuliwa Dismas, ambaye besi yake ilichangamka kama mtu anayesoma namba za mita ya maji. Lakini kisu kiligonga tangu mwanzo hadi mwisho, basi akaitwa kipaji.

Mwezi ukaisha, hakuna aliyenyanyuka kwenye kiti. DJ akaja na spika zake. Siku ya kuhamisha vyombo, Mzee Mkude akazunguka nyuma ya ukuta kumuaga Mama Chausiku.

"Kisu chako kimenidanganya, mama."

"Kisu gani tena, Mzee Mkude?"

Akamweleza. Mama Chausiku akamtazama kama anayetazama mtu mwenye homa.

"Baba wewe, mimi nakata ndizi. Besi iwepo isiwepo, nakata, mteja akiita naacha. Watu watakula nini?"

"Sasa mbona kwa yule binti ulinyamaza?"

"Yule wa sketi nyeusi, aliyepita hapa na gitaa?" Mama Chausiku akaweka ndizi chini. "Yule nilitupa kisu, nikasimama. Utakataje ndizi kiuno kinakwenda, ujikate vidole? Nilicheza mimi, na wateja wawili waliacha sahani wakacheza. Ukakatisha utamu katikati. Tukasema huyu mzee leo kaamkaje."

Mzee akakaa kwenye benchi. Kisha akatoa simu, akaitafuta namba aliyoiacha Tunu siku ya majaribio.

"Tunu, ni Mzee Mkude wa Zindika. Nilikosea, mwanangu. Njoo."

"Shikamoo, mzee. Gitaa nimeshauza. Nina banda la chipsi sasa."

"Gitaa tutaazima. Ile besi uliyoiandika, unayo?"

"Karatasi niliiacha mezani kwako."

Mzee akamgeukia Mama Chausiku. Mama akaangalia jiko lake la mkaa. Karatasi zote za waliokosa aliletewa yeye, za kuwashia moto.

"Basi niimbie kidogo tu," Mzee akasema. "Mwanzo tu, iliyobaki nitaimalizia mwenyewe."

Mafuta yakasikika yakichemka upande wa pili wa simu.

"Sikumbuki, mzee. Niliiandika nikiwa na furaha. Lakini si wewe uliisikia? Hukushika hata kipande?"

Mzee Mkude, aliyekuwa akishika wimbo mzima kwa kuusikia mara moja, akaitafuta kichwani. Hakupata hata noti moja. Siku ile alikuwa anasikiliza kisu.

Funzo: Ukipewa nafasi ya kumpima mtu, msikilize yeye mwenyewe mpaka amalize, maana siku utakapomhitaji utakuja kumwomba kitu alichokwisha kukuwekea mezani.