Kibuyu cha Pimbi

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa bado wanaendesha baiskeli, mke wa Nyati alijifungulia kwa mama yake, ng'ambo ya mlima wenye baridi. Maziwa yakagoma kutoka. Nyati akafunga mfuko wa unga wa uji kwenye karia, na juu yake akampakia jirani yake Pimbi, yule mnyama mdogo kama sungura asiye na mkia, aushikilie usianguke.

Kwichi, kwichi, kwichi. Ukungu mzito, meno yanagongana.

"Mjomba, kunywa maji," Pimbi akasema. Alikuwa amekumbatia kibuyu.

"Kwenye baridi hii? Maji ni ya jua kali. Nikinywa nitashuka kukojoa kila kichaka, na mtoto analia njaa."

Wakapanda. Nyati akahema, mvuke puani, jasho limelowesha koti na yeye hana habari. Midomo ikakauka, kichwa kikamgonga. Baiskeli ikaanza kuyumba kuelekea korongoni.

"Mjomba, unatupeleka wapi?"

"Ni baridi tu. Nyamaza."

Pimbi akaona hapa uji utanywewa na korongo. Akajificha nyuma ya mgongo wa Nyati. Gubu, gubu, gubu. "Aaah."

"Unakunywa nini huko?"

"Hakuna kitu, mjomba."

"Nimesikia, wewe."

"Basi, ni dawa ya miguu. Ila kali. Marehemu baba alisema ni ya sisi wadogo, wenye mapembe wakiionja wanalia."

Nyati akafunga breki. "Nani analia? Lete hapa."

"Mjomba, taratibu..."

Gubu gubu gubu, mpaka tone la mwisho. Akasimama anangojea ukali. Wapi.

"Pimbi, haya ni maji. Ya uvuguvugu."

"Niliyachemsha asubuhi, mjomba."

Nyati akanuna, akakaa kwenye jiwe apoze hasira. Alipoinuka, kichwa kimetulia na njia inaonekana moja, si mbili. Akakojoa mara moja tu njia nzima.

Uji ukapikwa, mke wa Nyati akanywa, maziwa yakaja. "Asante, baba watoto," mkewe akasema.

Nyati akamsukuma Pimbi mbele. "Mshukuru huyu. Mimi unga wako nilikuwa naupeleka korongoni. Na mtoto tumwite jina lake."

Ndiyo maana kule mlimani kuna nyati mkubwa kama ghala, ukiita "Pimbi" anaitika.

Nanyi wanangu, hata kwenye baridi jasho linatoka, basi kunyweni maji njiani na mshukuruni anayewapa.