Kokwa za Mzee Buku

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa shimo la nani?

La panya buku, chini ya mchikichi.

Basi tulieni. Hapo zamani za kale aliishi panya buku mmoja, jina lake Mzee Buku. Mkewe alikufa mapema, akamwachia mtoto mmoja wa kiume, Shavu.

Mzee Buku alikuwa mchapakazi. Kila siku aliokota kokwa za mchikichi, akazijaza mashavuni, akazimwaga ghalani. Alizihifadhi na maganda yake, maana kokwa iliyobanguliwa haikai, huota ukungu.

"Hizi ni za uzee wangu," alisema.

Wakati wa kula alimbangulia mwanawe. Shavu akishika kokwa nzima, baba humpokonya. "Wewe kula tu, mwanangu. Mimi nilianza kazi mdogo, nikateseka. Wewe usiteseke."

Shavu akala, akakua, akaoa, akachimba shimo lake ng'ambo ya kijito.

Miaka ikapita, meno ya Mzee Buku yakaisha. Mvua zilipokuwepo alikula majani mororo. Kiangazi kilipokuja majani yakakauka. Ghala lilijaa mpaka juu, naye hakuweza kubangua hata kokwa moja. Akaweka moja shavuni, akaenda kwa mwanawe, akaimba mlangoni:

*Shavu mwanangu, fungua,*
*kokwa yangu nibangulie.*

Shavu akatoka. "Shikamoo, baba. Leo nachimba. Njoo kesho."

Mzee akarudi. Kesho yake akaja tena, akaimba:

*Shavu mwanangu, fungua,*
*kokwa yangu nibangulie.*

Shavu akacheka. "Baba, una ghala limejaa, na bado unabisha hodi kwa watu? Ningekuwa nalo mimi, ningelala tu."

"Lala na njaa uone, mwanangu."

"Basi kesho, baba."

Mara ya tatu mzee alikuja akitambaa. Aliimba, sauti haikutoka vizuri. Shavu hakutoka. Alisema kutoka ndani, "Iweke hapo mlangoni, nikipata nafasi nitaibangua."

Mzee akaiweka, akaondoka.

Kiangazi kikazidi. Shavu na watoto wake wakakosa chakula. Ndipo akakumbuka ghala la baba yake. Alipofika alimkuta mzee amelala juu ya kokwa zake, amekufa. Zile zilizokuwa karibu na mdomo wake ziling'aa kwa kulambwa, hakuna iliyopasuka.

Shavu akamzika. Kisha akabangua, akala, watoto wakala. Zilitosha kiangazi chote. Kila kokwa ilipopasuka aliinamisha kichwa.

Ile ya mlangoni hakuila. Mvua ziliporudi alimwita binti yake mkubwa, akampa.

"Nibangulie."

"Baba, si una meno?"

"Ninayo. Ndiyo maana nakufundisha sasa."

Binti akauma, akalia, akauma tena. Ikapasuka. Ndani ilikuwa imekauka. Shavu akaila yote, polepole.

Tangu siku hiyo, kwa panya buku mtoto hubangua ya mzee kwanza, ndipo hula yake.

Funzo ni hili: akiba peke yake haimlishi mzee. Jaza ghala ungali na nguvu, na mfundishe mwanao kazi ungali na meno. Nawe uliyelishwa, ukiitwa mlangoni, toka.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, ibebeni mashavuni mpaka kwenu. Ikiwa chungu, niachieni mimi niliyeisimulia.