Chumba Kilichokataa Kupimwa

Jumatatu, tarehe kumi Shaabani, saa mbili kamili asubuhi, katika mji wa Kafurani uliotawaliwa na Sultani Mansabu bin Ghalibu, Thuwaiba binti Makame alianza kuyatungua mapazia yote ya nyumba ya marehemu baba yake, na majirani wakasimama njiani wakimtazama kama mtu aliyepandwa na shetani.

Siku hiyo ilikuwa arubaini ya baba yake. Na sheria ya Kafurani ilisema kwamba nyumba ya marehemu sharti ithaminiwe na mthamini wa Sultani kabla jua la arubaini halijazama, na isipothaminiwa mrithi hana lake, nyumba inaingia hazina. Mshika funguo za hazina alikuwa Waziri Shaweji, ambaye jumba lake lilipakana na nyumba hiyo, na ambaye alikwisha kutangaza hadharani kwamba hapo atafuga farasi wake. Thuwaiba hakuwa na pengine pa kulala, yeye wala shangazi yake Mize.

Sheikh Burhani, mthamini, alikuwa amekuja mara tatu na mara tatu akaondoka kazi haijaisha. Alikuwa mwaminifu, lakini Kafurani ilikuwa na desturi zake: mwenye nyumba huficha nyufa kwa mapazia, na humfuata mthamini chumba hadi chumba akisifu, na humwekea sinia ya chakula kwenye kila kizingiti, na mthamini asiyekula huhesabiwa kuwa ametukana. Na juu ya hayo, nyumba ya Thuwaiba ilikuwa na chumba cha ndani ambacho kila kilipopimwa kwa kamba na kupimwa tena kuhakikisha, kilitoa kipimo kingine, kwa sababu ukuta wake ulikuwa ukisogea.

Shangazi Mize alimsihi abakishe japo pazia la sebuleni, maana ufa wa pale ulipitisha mkono. Thuwaiba akakataa. Akafungua milango yote, akaisogeza mitungi mbali na kuta, akaegemeza ngazi chini ya tundu la dari, akamfunga mbuzi uani, na hakupika hata kahawa.

"Nyumba imevuliwa nguo," jirani mmoja akasema, na wenzake wakacheka.

"Afadhali niivue mimi leo kuliko Waziri aivae kesho," Thuwaiba akajibu.

Sheikh alipofika alitazama huku na huku akitafuta sinia. Thuwaiba akamwamkia kwa heshima, akamwambia ufa uko sebuleni, paa linavuja juu ya ngazi, na yeye atakaa nje barazani mpaka aitwe. Sheikh akakunja mikono ya kanzu na kuanza, na kabla ya adhuhuri alikuwa amemaliza nyumba nzima isipokuwa chumba cha ndani. Hapo kamba ikasema hivi, kisha ikasema vile, naye akamwita.

Thuwaiba akaingia na kufanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya: akauuliza ukuta una nini. Ukuta ukavuta pumzi, na kutoka kwenye chokaa likatokea jini la rangi ya moshi wa ubani, limejikunja chini ya dari kama mkeka, na kidole chake kikaelekea kwenye boriti, ambapo pete ya fedha ilikuwa imepigiliwa msumari.

"Naitwa Damdamu," likasema. "Babu wa babu yako alinifunga kwa pete ile. Na Sheikh huyu huandika kila kilichopigiliwa msumari kuwa ni mali ya nyumba. Sivyo, Sheikh?"

Sheikh Burhani akakiri kwamba ndivyo.

"Basi akimaliza kupima, nitaandikwa baada ya bawaba na kabla ya kitasa, nami nitauzwa nikiwa hai. Nitausogeza ukuta huu mpaka Kiyama."

Habari za jini zikaruka ua, na Waziri Shaweji akaingia bila hodi. Alipoiona pete, sauti yake ikawa asali.

"Binti Makame, iache mahali pake, nami nitakuongezea siku. Nitakuoa, na jini huyu atatujengea jumba la marijani."

"Kumbe siku zilikuwapo," Thuwaiba akasema. "Nilikuja kwako kuziomba nikiwa na kilio cha baba yangu, ukaniambia sheria haina huruma."

Akaiburuta ngazi hadi chini ya boriti. Waziri akapaza sauti kwamba atakayeugusa msumari ameiibia hazina. Sheikh Burhani, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumpinga Waziri, akakohoa.

"Mpaka jua lizame, Mheshimiwa, msumari ni wake."

Thuwaiba akaung'oa, na kiganja kikachanika, na akaitupa pete mikononi mwa jini. "Nenda zako," akasema. "Wewe si kitasa."

Damdamu likainama, likatoka kama moshi dirishani, na lilipoondoka liliuacha ukuta mahali palipokuwa mbali kuliko pote, ili chumba kibaki kipana. Sheikh akapima, akapima tena, kipimo kikawa kile kile. Akaandika thamani ya nyumba pamoja na ufa wake, akagonga muhuri, na adhana ya alasiri ilikuwa bado haijaanza.

Jioni Sultani Mansabu akamwita Thuwaiba, akamtunukia mikufu na majoho, na akamtaka awe mke wa mpwa wake. Thuwaiba akapokea zawadi, na kuhusu mpwa akasema aje kwanza mchana, yeye amwone vizuri. Kisha akaomba jambo moja: atangulie mbele ya mthamini katika kila nyumba ya mji, afungue milango, ili mrithi yeyote asipoteze kwao kwa sababu ya adabu za sinia. Sultani akacheka, akamwambia aanze na nyumba aipendayo. Thuwaiba akauliza kama ni kweli kwamba Waziri alilirithi jumba lake kwa kaka yake, na halijathaminiwa hata leo. Sultani akaacha kucheka.

Asubuhi iliyofuata, kiganja kikiwa na kitambaa na Sheikh Burhani akiwa nyuma yake, alipiga hodi kwenye jumba la Waziri Shaweji. Bawabu akamuuliza amekuja kumwona nani, naye akasema hakuja kumwona mtu, amekuja kuiona nyumba.